Pima Ukutani Kwanza: Mwanamke Transi na Upasuaji wa Majaribio wa Mabega, Kiuno na Hipsi

Nilifika mpaka hatua ya kutuma arbuni ya upasuaji wa mabega, nikarudi. Katika kurudi huko nilijifunza mambo ambayo laiti ningeyajua tangu mwaka wa kwanza. Habari zangu binafsi nitaziacha, hazitamfaa mtu. Nitaandika njia yenyewe, hatua kwa hatua, kwa dada aliyeko Shangani, Mikindani, Masasi, Nachingwea au Kilwa Masoko, ambaye usiku nyumba nzima ikishalala anaangalia picha za "kabla na baada" kwenye simu, moyo unamwenda mbio, na hana wa kumuuliza.

Tutenganishe kwanza mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ziko operesheni za wanawake transi, yaani wanawake walioandikwa wanaume walipozaliwa, ambazo zimefanywa kwa miongo mingi. Ya kutengeneza uke kwa ngozi ya uume ilianzishwa na Georges Burou mjini Casablanca, Morocco, mwaka 1956, na baada yake maelfu wamefanyiwa katika nchi nyingi. Ya kulainisha mifupa ya uso ilianza San Francisco miaka ya 1980. Kuongeza matiti kunajulikana kabisa. Hizi nazo zina hatari, lakini hatari zake zimehesabiwa, na daktari anaweza kukwambia kinachoharibika, kinaharibika lini na kinarekebishwaje.

Halafu ziko zile za majaribio: kufupisha mitulinga (ile mifupa miwili ya mbele inayotoka chini ya koo hadi mabegani) ili mabega yapungue, kuvunja au kuondoa mbavu za chini ili kiuno kibonyee, kupanua mifupa ya nyonga, kufupisha mapaja ili kimo kishuke, kupandikiza kizazi. Nikisema majaribio nina maana hii: waliofanyiwa ni wachache, waliofuatiliwa kwa miaka 5 au 10 ni wachache zaidi, na taarifa nyingi zinatoka kwa daktari yuleyule anayeuza operesheni. Kwenye jaribio la dawa lililo halali, kwa kawaida mshiriki halipi. Anaelezwa hatari zote, kuna kamati ya maadili inayosimamia, na akidhurika anatibiwa. Hapa wewe ndiye unayelipa ili ujaribiwe. Jambo hili lilinichukua muda mrefu kulielewa, na ningependa wewe likuchukue dakika moja.

Lili Elbe, mwanamke transi wa Denmark, tunamkumbuka kwa ujasiri wake, lakini tukumbuke pia alivyokufa. Mwaka 1931, mjini Dresden, madaktari walimpandikizia kizazi katika operesheni yake ya mwisho. Mwili ukakikataa, akapata maambukizi, akafa Septemba mwaka huohuo. Wakati ule dawa za kuzuia mwili usikatae kiungo cha mtu mwingine hazikuwepo. Mtoto wa kwanza kuzaliwa kutoka kwenye kizazi kilichopandikizwa alizaliwa Sweden mwaka 2014, miaka 83 baadaye. Lili hakuwa mjinga, na hamu yake haikuwa na kosa. Alikuwa mbele ya elimu ya wakati wake, na gharama ya kuwa mbele ilimwangukia yeye.

Sasa mabega, maana ndiyo yanayowatesa wengi.

Kosa la kwanza ni kipimo. Fundi cherehani hupima bega kwa nyuma, tepu ikifuata mviringo wa mgongo, kwa hiyo namba yake ni kubwa kuliko namba ya daktari, ambaye hupima mstari mnyoofu kutoka ncha ya mfupa hadi ncha ya mfupa. Dada anaambiwa na fundi 45, anasoma mtandaoni kwamba wanawake wana 36, anaona dunia imemwisha. Vipimo viwili hivyo havilinganishwi.

Fanya hivi. Egemeza mgongo ukutani, visigino viguse ukuta, mikono ilegee ubavuni, pumua kawaida. Mtu unayemwamini apapase juu ya bega lako akienda nje polepole, mpaka afike pale mfupa unapokwisha na nyama ya mkono kuanza. Kuna kidaraja kidogo kigumu, hapo ndipo. Ashike rula ikiwa imenyooka kutoka kwenye kidaraja hicho hadi ukutani, apige alama ya penseli pale inapogusa ukuta. Afanye hivyo upande wa pili. Ondoka, upime kati ya alama mbili. Rudia siku tatu tofauti, kisha chukua wastani, kwa sababu mtu akivuta pumzi au akikunja mabega kwa aibu kipimo kinahama kwa sentimita nzima.

Kwa wastani wanaume hupata kama sentimita 40 na wanawake kama 36. Tofauti ni sentimita 4 hivi, na makundi haya yanaingiliana sana. Nenda Feri ya Mtwara asubuhi, kivuko cha Msangamkuu kinaposhusha watu, uangalie mabega ya akina mama wanaoshuka na beseni za samaki. Angalia kweli, mmoja mmoja. Utaona mapana, membamba, ya mviringo, ya pembe. Hakuna anayewauliza kama ni wanawake.

Kipimo cha pili kinachosahaulika ni upana wa nje, yaani pamoja na nyama ya mikono. Wanachokiona watu ni huo, na sehemu ya tofauti kati ya mwanamume na mwanamke iko hapo, kwenye msuli unaofunika bega. Msuli huo hupungua kwa homoni za kike, taratibu, kwa mwaka mmoja hadi miaka miwili, hasa ukiacha kubeba mizigo mizito. Upana wa mfupa haubadilishwi na homoni baada ya balehe, msuli unabadilishwa. Kwa hiyo anayeamua kuhusu mabega yake kabla hajamaliza miaka 2 ya homoni zinazosimamiwa vizuri anaamua juu ya mwili ambao bado unasafiri.

Na picha za simu zinadanganya. Lenzi ya simu ikiwa karibu hukuza kilicho mbele na kupinda kilicho pembeni. Weka simu juu ya kiti umbali wa mita 3, usawa wa kifua, kuza picha (zoom) mara mbili, piga kwa kuhesabu sekunde. Hiyo ndiyo sura wanayoiona watu barabarani.

Operesheni yenyewe iko hivi. Daktari anapasua ngozi juu ya mtulinga, anakata kipande cha mfupa katikati, mara nyingi sentimita 2 hadi 2.5 kila upande, anakutanisha ncha mbili, anazifunga kwa bamba la titani na skrubu. Pande zote mbili, chini ya nusukaputi. Inafanyika Marekani, Korea Kusini na Uturuki. Picha za baada ya wiki mbili ni nzuri, sikatai.

Lakini sikiliza jambo moja ambalo daktari wa mifupa yeyote anayeshughulika na ajali za bodaboda analijua. Mtulinga ukivunjika na ukafupika kwa sentimita 2 au zaidi, hiyo ni moja ya sababu za kufikiria kumpeleka mgonjwa kwenye upasuaji ili urefu urudi, maana bega lililofupishwa huweza kupoteza nguvu, kuchoka haraka na kuuma mtu akifanya kazi mkono ukiwa juu. Kwa mgonjwa wa ajali ufupi huo ni madhara ya kurekebishwa. Kwako wewe ni huduma unayoinunua. Mtulinga ndio mwimo pekee wa mfupa unaoliunganisha bega na kifua. Ukifupishwa, mfupa bapa wa bega ulioko mgongoni huzunguka na kusogea mbele. Wengine hupata mabega membamba lakini yaliyoinama, kama mtu aliyekunja kifua kwa baridi, na hilo halionekani kwenye picha ya mbele.

Yanayoweza kuharibika: mfupa kutounga, hasa kwa mvutaji sigara, bamba kuchomoza chini ya ngozi na kuumia chini ya mkanda wa begi au sidiria, likahitaji operesheni ya pili ya kulitoa, ganzi ya kudumu chini ya kovu, kwa sababu mishipa midogo ya fahamu ya ngozi hupita palepale, maambukizi, na, mara chache lakini kwa uzito, kuumia mishipa mikubwa ya mkono iliyopita chini ya mfupa huo. Kovu lenyewe liko mahali ambapo kila dera lenye shingo pana litalionyesha, na sisi wenye ngozi nyeusi tunajua makovu ya kifuani na mabegani yanavyopenda kuvimba yakawa kamba. Kama una kovu lolote lililovimba, hata la chanjo, hiyo ni habari ya kumwambia daktari kabla ya mengine yote. Kwa aliye chini ya miaka 25, kuna la ziada: mtulinga ndio mfupa unaochelewa kuliko yote kumaliza kukua, ule upande wa karibu na koo.

Halafu maisha ya wiki 6 za mwanzo. Mikono yote miwili imefungwa kitambaa. Huwezi kujisugua, kujisafisha chooni, kusuka nywele, kuvuta mlango, kupanda bodaboda. Kubeba ni kitu kisichozidi kilo moja au mbili. Ndoo ya maji ni kilo 20. Mfupa wa mtu mzima huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga, na ukirudi mtaani ambako maji yanatoka mara mbili kwa wiki, nani atakuchotea? Swali hili linaonekana dogo kwa mtu mwenye bomba ndani. Kwetu linaweza kuharibu operesheni ya mamilioni kwa asubuhi moja.

Mbavu nitazipita kwa kifupi. Mbavu za 11 na 12 zinaelea, hazijafungwa mbele, na kazi yake mojawapo ni kukinga figo. Wapo wanaoziondoa, wapo siku hizi wanaozivunja kidogo na kuzikunja ndani, kisha mgonjwa anavaa mkanda mgumu wa kiuno mchana na usiku kwa miezi kadhaa mpaka mifupa iunge ikiwa imebonyea. Utando wa mapafu uko karibu sana na pale. Ukitobolewa, hewa inaingia kifuani na pafu linasinyaa. Na huo mkanda: fikiria Machi ya Lindi, joto na unyevu wa bahari, jasho chini ya mkanda usiovuliwa. Upele, fangasi, vidonda. Anayeuvua kwa sababu hawezi kuvumilia anapoteza matokeo yenyewe.

Kuhusu kupanua nyonga, niseme wazi: hakuna operesheni ya mifupa iliyothibitishwa ya kumpa mtu mzima nyonga pana. Mifupa ya nyonga imefungwa kwa nyuma kwenye uti wa mgongo, na uzito wa mwili wote unapita hapo. Anayekuambia anaifanya kama kawaida, muulize amewafuatilia wangapi wakitembea baada ya miaka 5.

Kwa hiyo watu wanaishia kwenye sindano, na hapa nawaomba sana. Silikoni ya maji inayodungwa kwenye hipsi na makalio haikai ilipowekwa. Inatembea chini ya ngozi mpaka mapajani na miguuni, inatengeneza mabonge magumu, inageuza ngozi kuwa nyeusi na ngumu, huwa inafanya hivyo miaka mingi baada ya kila mtu kusema "mbona fulani yuko salama". Ikiingia kwenye mshipa wa damu inaenda kwenye mapafu, na mtu anakufa. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo rasmi kuhusu jambo hili. Kuitoa baadaye karibu haiwezekani, maana imeshajichanganya na nyama. Hata mafuta ya mwili wako mwenyewe yakihamishiwa makalioni yana hatari: miaka hiyohiyo vyama vya madaktari wa upasuaji wa urembo vilikadiria kifo 1 katika kila operesheni 3,000 hivi, kiwango kikubwa mno kwa jambo la urembo. Sababu ilijulikana: sindano ilikuwa inaingia ndani ya msuli, mafuta yanaingia kwenye mishipa mikubwa ya damu, yanafika moyoni. Siku hizi kanuni ni kubaki juu ya msuli, chini ya ngozi tu. Daktari asiyeweza kukueleza kanuni hiyo kwa maneno yake mwenyewe, ondoka.

Na vidonge. Najua dada wengi wanaanza na vidonge vya majira kutoka duka la dawa, viwili, vinne, sita kwa siku. Estrojeni (homoni ya kike) iliyo ndani ya vidonge hivyo ni aina ya kutengenezwa inayogandisha damu kuliko estradioli, ile estrojeni inayofanana na ya mwili wenyewe, na wataalamu wa homoni kwa transi waliacha kuitumia kwa sababu hiyohiyo. Ukivimba mguu mmoja na kuuma kigimbi, au ukakosa pumzi ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo na utaje vidonge. Usifiche. Daktari hahitaji historia ya maisha yako yote. Anahitaji jina la dawa, kiasi, na siku ya mwisho kumeza.

Estradioli sahihi, ikisimamiwa na vipimo vya damu, hufanya kazi polepole. Matiti huanza kuchomoza miezi 3 hadi 6 na kuendelea kukua kwa miaka 2 au 3. Mafuta huhamia mapajani na makalioni kwa miaka 2 hadi 5. Miaka mitano! Hipsi unazotaka kuzinunua leo huenda ziko njiani zinakuja bure. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2022 inapendekeza angalau miezi 6 ya homoni kabla ya operesheni ambazo matokeo yake yanategemea homoni, na mimi kwa maoni yangu muda huo ni mfupi mno kwa mtu anayetaka kugusa mifupa.

Sasa fedha, bila kupepesa. Tuseme umetajiwa dola 20,000 za operesheni peke yake. Kwa dola moja shilingi 2,500, hizo ni milioni 50. Mnada wa kwanza wa korosho msimu wa 2024 ulivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Hata kwa bei hiyo nono, milioni 50 ni kilo 12,500, kama magunia 156 ya kilo 80, kabla ya makato ya chama cha msingi. Ongeza visa, tiketi mbili (huwezi kwenda peke yako, mikono itakuwa imefungwa), chumba cha wiki 3 au 4, dawa za maumivu, picha za eksirei za kufuatilia. Halafu weka pembeni theluthi ya bei ya operesheni kwa ajili ya kurudia au kutoa bamba. Asiye na theluthi hiyo bado hajafikisha fedha za operesheni, hata kama arbuni anayo. Arbuni nyingi hazirudi. Soma masharti yake kabla ya kutuma, si baada ya kutuma kama nilivyofanya mimi.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo vipeperushi vya kliniki haviwezi kulijua. Bibi zetu wa Kimakonde walitoboa mdomo wa juu wakavaa ndonya, wakachanja chale usoni na tumboni. Kwa hiyo hakuna wa kutuambia kwamba kuubadili mwili ni ugeni ulioletwa juzi. Lakini aliyetobolewa alitobolewa na mkono uliotoboa wengine, akauguzwa na wanawake waliopona jeraha lilelile, na kila mtu kijijini alijua kidonda kitachukua siku ngapi. Ujuzi ulikuwepo na uuguzi ulikuwepo. Hivyo ndivyo vitu viwili vinavyokosekana kwenye operesheni ya majaribio unayosafiri kuifuata peke yako.

Na unyago. Hapa ndipo penye maumivu yenyewe, naona. Wengi wetu tulipelekwa jando tukiwa wadogo, wakati dada zetu wanawekwa ndani, wanafundwa, wanatolewa kwa ngoma na vigelegele, wamevishwa doti mpya. Sisi tulisikia ngoma kutoka upande mwingine wa ua. Ukikaa kimya na swali la mabega kwa siku kadhaa, mara nyingi unakuta chini yake kuna swali jingine: ni nani atanisogezea mkeka niketi na wanawake? Mtulinga ukikatwa sentimita 2 haujibu swali hilo. Nimewasikia waliofanyiwa wakasema wiki ya tatu, maumivu yamepungua, kioo kimewapa walichokilipia, bado wamebaki na upweke uleule. Wengine wamefurahi na wanaendelea kufurahi, hao pia wapo na sitawanyang'anya furaha yao. Ila hao waliofurahi, wengi walikuwa na watu wao kabla ya kwenda.

Kujikubali si kuvumilia. Kuvumilia ni kuuma meno. Kujikubali ni kazi, ina hatua, na baadhi ya hatua zake zinapimika. Ya kwanza ni sauti, na hii inashangaza watu. Fikiria unavyofika nyumba ya mtu huku kwetu: kabla hujaonekana unapiga hodi. Sauti inatangulia mabega. Homoni za kike haziibadili sauti ya mtu aliyekwisha balehe, mazoezi yanaibadili. Sauti ya mwanamume huwa kama mitetemo 100 hadi 130 kwa sekunde, ya mwanamke 180 hadi 220, na ziko programu za bure za simu zinazoonyesha namba hiyo. Lakini usikimbilie kupandisha tu, utasikika kama mtu anayeigiza. Kinachofanya kazi zaidi ni mwangwi, yaani mahali sauti inapovumia: meza mate, usikie koromeo linavyopanda, kisha jaribu kulibakiza juu kidogo unapotamka "hodi", "shikamoo", "bei gani". Sauti itoke mbele ya mdomo, isitoke kifuani. Dakika 15 hadi 20 kila siku, ukijirekodi mara moja kwa wiki na kutunza rekodi. Koo likiuma, pumzika siku mbili. Koo linalouma linafundishwa vibaya. Miezi 6 hadi mwaka utasikia tofauti, na haikugharimu ila kifurushi cha intaneti.

Ya pili ni fundi wako. Mwambie aingize mshono wa bega ndani kwa sentimita 1 hadi 1.5 kutoka ncha ya mfupa. Jicho linasoma bega mahali mshono ulipo. Au akate mkono wa mshazari unaoanzia shingoni, usio na mshono wa bega kabisa. Shingo ya V inayoshuka, siyo ya mviringo iliyobana. Mikono ya puto iache, mtindo wa mabega yaliyosimama uache. Chini mwaga kitambaa: solo, marinda, au kanga ya pili iliyofungwa kiunoni, ambayo kila mwanamke wa hapa anaivaa na haimshangazi mtu. Nguo za ndani zenye sponji, vile vigodoro, ziko sokoni. Chagua sponji nyembamba ya pembeni ya paja, ile ya makalio tu inakupa umbo la mbele na nyuma bila upana. Kwa shilingi elfu 40 au 50 za kitenge na ushonaji unaweza kupata kwa macho zile sentimita 4 ambazo daktari anakuuzia. Nimeliona hili kwa jicho, kwenye kioo cha fundi chenye ufa, na ndilo lililonifanya nisome upya karatasi ya arbuni.

Ya tatu ni watu. Dada mmoja au wawili walio mbele yako kwenye safari, mama mmoja au shangazi anayekuita kwa jina lako. Usiwatafute kwa kujitangaza. Huku kwetu ulimi una gharama, na vitambulisho vyetu vya NIDA vinabaki na jinsia ya kuzaliwa. Anza na mtu aliyekwisha kukutunzia siri ndogo.

Kama baada ya miaka 2 ya homoni, mwaka wa sauti, nguo zilizokatwa vizuri, na watu wako, mabega bado yanakuamsha usiku, basi maumivu hayo ni ya kweli na una haki ya kuyatafutia dawa. Sitakuita mpotovu. Nitakuomba tu uende na maswali haya, na majibu yawe ya maandishi: Umewafanyia wangapi operesheni hii? Wangapi kati yao umewaona baada ya mwaka mzima? Kwa wangapi mfupa haukuunga? Mabamba mangapi yametolewa? Nikirudi kwa tatizo, nani analipa chumba cha upasuaji? Naweza kufanyiwa upande mmoja mmoja? Naomba picha za wagonjwa baada ya mwaka, mbele, nyuma na ubavuni, mikono ikiwa imeinuliwa. Anayejibu "wote wameridhika" hajajibu.

Acha sigara wiki 4 kabla na usiirudie mpaka mfupa uunge. Taja homoni unazotumia na uulize kama uzisimamishe na lini, kwa ajili ya damu kuganda, hasa kwa kuwa utarudi kwa ndege ya saa nyingi. Ndani ya ndege simama kila saa. Ukifika Dar usipande basi la Mtwara siku hiyo. Ni kilomita zaidi ya 550 za kukaa mkanda ukiwa umepita juu ya mshono. Lala siku mbili tatu, au unganisha ndege. Beba nakala ya taarifa ya upasuaji na eksirei zako, na jina la bamba lililotumika, kwa sababu likilegea, daktari wa hapa atahitaji bisibisi inayolingana na skrubu hizo. Mtu wa kukuchotea maji awe amekubali kwa mdomo wake kabla hujaondoka, wiki 6, kila siku. Na shona mapema madera matatu yanayofunguka mbele kwa vifungo vikubwa, kwa sababu kwa miezi hiyo hutaweza kuinua mikono kuvaa nguo kwa kichwa, wala kujifunga kilemba.